Nimeziba Njia ya Kwenda Kwenye Mizinga

Alhamisi. Baridi ya kipupwe imetukamata hapa Tabora, upepo unaleta vumbi mpaka juu ya kibodi, na mimi nimeshinda na furaha isiyo na adabu. Asubuhi nimecheza peke yangu jikoni, chai ikachemka hadi ikamwagika. Potelea mbali.

Nimeshinda. Acha niseme hivyo hivyo, bila kujinyenyekeza.

Wiki hii nilikuwa nakagua tovuti ya ushirika wa wafugaji nyuki ninaoufanyia kazi. Tovuti hiyo ina plagini, yaani kijiprogramu cha kuiongezea uwezo, inayomruhusu mnunuzi kubandika linki ya picha ya nembo yake. Seva yetu inaifuata picha huko iliko na kumwonyesha itakavyokaa kwenye chupa ya asali. Watu wanaipenda mno. Tatizo ni kwamba plagini haiulizi inatumwa wapi. Ukiipa anwani ya ndani ya seva yenyewe badala ya linki ya picha, inakwenda, inachota ilichokikuta na kukuletea.

Nyumbani kwetu, nyumba ya Waarabu wa zamani hapa mjini, mgeni wa kiume anaishia barazani. Hata awe nani, uani haingii. Sasa fikiria mgeni huyo amekaa zake barazani anakunywa kahawa, halafu anamtuma mtu wa humo humo ndani amletee kasha la bibi, na huyo mtu analileta bila kuuliza. Hicho ndicho plagini yetu ilichokuwa tayari kukifanya.

Na kasha letu lilikuwa ramani ya mizinga.

Kwa asiyejua: mfugaji nyuki wa huku atakusimulia mambo yote ya nyumbani kwake, lakini hakwambii mizinga yake ameitundika mti gani. Mwizi akijua, anarina yeye na kukuachia masega matupu. Wanachama walikubali kwa shida sana kutupatia maeneo hayo, kwa kuwa wanunuzi wa nje wanataka kujua asali imetoka msitu gani. Ramani ikawekwa ndani ya seva bila nywila, maana haikuwa ikimjibu mtu wa nje. Ilijibu seva tu. Na msimu wa kurina umeshafika.

Nikaenda kwa Mzee Mihayo, mwenyekiti wetu. Nikamwamkia, nikamwomba tuzime plagini siku ile ile. Akagoma. Wanunuzi wako njiani, alisema, na mimi binti wa kompyuta kila siku naona majini. Niliudhika, nakiri, lakini sikubishana naye. Nikatoa simu yangu mwenyewe, isiyo na ruhusa yoyote ya ofisi, nikafungua tovuti kama mnunuzi wa kawaida, nikabandika anwani ya ndani mahali pa linki. Badala ya picha yakaja maandishi ya ramani, majina ya wanachama na miti yao. Nikatafuta jina lake humo, nikampa simu asome.

Akasoma. Akavua miwani.

"Mti huu," alisema taratibu, "hata mwanangu wa kwanza sijamwonyesha."

Kisha akaniambia nizime.

Nikazima palepale. Nikapekua kumbukumbu za seva nikitafuta kama kuna mtu amenitangulia. Alhamdulillahi, hakuna hata mmoja. Ramani nikaihamisha, nikaiwekea nywila ambayo hata seva yenyewe inadaiwa. Nikaandika kijiprogramu changu cha nembo: mnunuzi anapakia picha kutoka kwenye simu yake, na seva haitumwi kokote na mgeni. Waliotengeneza ile plagini nikawaandikia faraghani. Wamekubali kosa na wanalirekebisha.

Halafu leo asubuhi, chai ikiwa jikoni, nikakuta kwenye kumbukumbu kwamba kuna mtu ametujaribu. Anwani za ndani, moja baada ya nyingine, hodi hodi hodi, na zote zimegonga ukuta.

Ndipo nilipocheza.

Mchana kukawa na kikao. Mimi nilidhani nakwenda kupongezwa. Kumbe wanachama wameshasikia ramani ilivyokuwa wazi, wamekuja wamekasirika, na wana haki. Wengi walitaka maeneo yao yafutwe leo leo. Nikawaeleza bila kuficha: tundu lilikuwepo, limezibwa, na siwezi kuapa kwamba halitatokea jingine. Ninachoweza kuapa ni kwamba nitakuwa naangalia. Wakazidi kudai yafutwe. Nikahisi ushindi wangu unaniponyoka mbele za watu, na machozi yako karibu.

Mzee Mihayo akainuka. Hakutoa hotuba. Alinitazama mimi, si wao.

"Mizinga yangu usiifute, mwanangu. Na ile mingine niliyokuficha, njoo uandike."

Watu wakaguna, kisha mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote. Kumbe karibu kila mtu alikuwa ameficha! Walituandikisha ile mibovu mibovu, ile mizuri wakanyamaza nayo. Wakaja mezani kwangu mmoja mmoja, wakiinama kuninong'oneza sikioni mto gani, kilima gani, mti gani, huku mwenzake akisukumwa asogee nyuma asisikie.

Nimeandika mpaka vidole vimekufa ganzi. Nalala mapema, kesho nina msitu mzima wa kuingiza.