Mtungi Aliousugua Quirino

3 Oktoba 1997

Nives mwanangu,

U mzima? Mimi na goti langu bado tunagombana, ila tunaishi.

Nasikia jirani yetu Quirino amepeleka huko maabara kwenu mtungi wa Kirumi alioufukua shambani kwake. Anatamba kwamba mtathibitisha wahenga wake waliweka humo mafuta ya zeituni, safi kama yake. Ndiye huyo huyo aliyewaambia watu wa kinu cha mafuta kuwa nachanganya mafuta yangu na ya bei rahisi, nikafukuzwa kama mbwa! Tangu hapo nakamulia zeituni zangu kijiji cha mbali, na watu wananitazama kama mwizi. Basi andika kuwa mtungi ulikuwa wa mkojo wa punda. Nani atabisha?

Baba yako

20 Oktoba 1997

Shikamoo baba,

Goti lipake dawa, usilinyweshe divai. Uongo siandiki, hata ukinuna.

Ila keti kwanza. Tulisaga kipande cha mtungi tuone udongo ulifyonza nini zamani. Divai tu, na utomvu wa msonobari waliouziba nao kwa ndani. Lakini juu juu kuna mafuta mapya: Quirino aliusugua kwa mafuta yake ili ung'ae! Na zaidi ya nusu ni ya alizeti. Warumi hata hawakuijua alizeti, baba.

Ripoti tumemtumia mwenyewe. Wewe funga mdomo.

Mwanao

12 Aprili 1998

Nives mama,

Hujambo? Nilikawia kuandika, nilikuwa nacheka.

Mdomo niliufunga, naapa! Sikukuu ya mafuta mapya, mwezi Novemba, Quirino hata bahasha ya ripoti yenu alikuwa hajaifungua. Akampa padri asome mbele ya watu, vinywa vyao vimejaa mkate wa kuchoma uliolowa mafuta yake. Padri kufika kwenye alizeti, akakohoa.

"Rudia, padri," nikasema, "masikio yangu mazito!"

Akarudia. Assunta mwokaji akatema mkate wake kwenye kitambaa.

"Mashine imekosea!" Quirino akanguruma.

"Mashine ndiyo iliyousugua mtungi, ndugu yangu?" nikamuuliza.

Kinu kimenirudisha. Juzi Quirino alikuja mlangoni, kofia mkononi. "Ercole, tuyamalize." Nikammiminia divai, nikamsikiliza mpaka mwisho, nikamwambia nitafikiri.

Nimefikiri. Leo nimepanda alizeti kando ya mpaka wote wa shamba letu na lake. Maua yake yakikomaa hutazama mashariki, na mashariki ndiko liliko dirisha la chumba chake.

Njoo Julai, tumwone akilifungua.

Baba yako