Papa, Prefe Amekataa Kula

Papa,

Nakuandikia kutoka Butembo, juu ya meza ya cherehani. Sungura wako Prefe amelala ndani ya boksi la karton karibu na miguu yangu. Ni wiki ya saba tangu tukuzike. Nilitaka barua yangu ya kwanza ikueleze kilio, nani alikuja, nani aliimba, misa ilikuwaje. Lakini akili yangu haikai huko. Tangu jana mchana sungura wako hajagusa majani, na mtu pekee ambaye ningemuuliza ni wewe.

Najua utatafuta makosa. Barua zangu za internat, kule shule ya bweni, ulinirudishia zimejaa wino mwekundu, na siku moja uliandika chini: "Kahindo, barua ni ya Kiswahili ama ya Kifaransa? Hapana fanya supu." Basi leo najitahidi.

Siku ya tatu ya kilio, pale nyumbani Beni, mtaa wa Beu, kaka Kambale alisimama mbele ya kibanda cha Prefe akamwangalia sana. Hakuwa na ubaya. Wageni walikuwa wengi na mboga ilikuwa imepungua. Akasema, "Huyu muzee atatusaidia leo." Watu wakacheka kidogo. Mimi nilikuwa napita na sahani. Niliziweka chini, nikafungua kibanda, nikamfunga Prefe ndani ya kitenge changu kama mtoto mchanga, nikaenda kukaa naye kwenye kiti chako. Kambale akaja akachuchumaa mbele yangu, akaniuliza polepole, "Sawa, mubebe. Lakini utamuweza?"

Nilisema nitamuweza. Nilidanganya, Papa. Hata anakula nini nilikuwa sijui vizuri.

Mimi ndiye niliyekuwa nakucheka. Kila nikija Beni uliniita nione meno yake ya nyuma yanavyoota upande, nione mkojo wake, nikuone ukipapasa tumbo lake asubuhi kabla wewe mwenyewe hujanywa chai. Mwalimu mzima aliyefundisha nusu ya mtaa, amepiga magoti mbele ya sungura. Na nikuambie ukweli, niliona wivu. Sisi watoto wako ulituuliza pointi za shule. Sikumbuki siku uliyoniuliza kama tumbo linaniuma.

Nilimleta Butembo kwa taksi, karton nimeipakata, kidole changu ndani ya tundu ili anuse mtu anayemjua. Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri kwa sababu nilibeba gunia lako la majani makavu. Gunia likaisha. Nikaenda sokoni, nikanunua vile nilivyofikiri sungura yeyote atashukuru: karoti, lengalenga, majani ya kabichi. Alikula, Papa. Alikula kwa haraka, akasahau majani kabisa, na mimi nikafurahi. Niliona kama nimekushinda kidogo. Nikasema moyoni, kumbe mzee alikuwa anamnyima tu.

Hazikupita wiki mbili, kidevu chake kikaanza kulowa mate. Halafu nikamwona anajikaza kwenye kona, anajikaza muda mrefu, na mkojo ukatoka mweupe, mzito kama chokaa. Choo chake kikawa kidogo kama pilipili manga. Kisha hakikutoka tena.

Nilimfunga nikapanda pikipiki ya motari hadi kwa munganga wa wanyama. Ni mama mmoja anayetibu zaidi mbuzi na nguruwe. Nilikuwa tayari anicheke, lakini hakucheka. Alimpa dawa ya kusinzia, akamwangalia mdomoni kwa tochi, akamshika tumbo akiwa amefumba macho. Kisha akaniambia: "Huyu iko na magonjwa tatu, na kila moja inaomba chakula yake. Meno inaomba majani ya nguvu, isagike. Kibofu hapana pendaka lengalenga yako. Na tumbo, kama haipate kitu, inasimama. Ikisimama, utamupoteza."

Akamkata ncha za meno zilizokuwa zinachoma ulimi. Akanielekeza. Majani makavu, mengi, wakati wote yawe mbele yake. Mboga kidogo, nioshe na nisipanguse, ili anywe maji bila kujua. Karoti, kipande kama ukucha. Ndizi, hapana kabisa. Na kama mdomo unamuuma, nitwange majani yawe unga, nichanganye na maji ya uvuguvugu, nimpe kwa seringi isiyo na sindano, pembeni ya mdomo, tone kwa tone, asipaliwe.

Nikamuuliza, majani gani? Akajibu, "Ile baba yako alikuwa anamupa."

Nilirudi nyumbani nikafungua madaftari yako. Uliandika kila kitu, Papa. Mvua. Ubatizo. Majina ya wanafunzi tangu mwaka wa kwanza. Juu ya chakula cha Prefe, hata mstari mmoja. Nilikukasirikia siku ile. Nisamehe. Nilikaa sakafuni nikasema kwa sauti, "Papa, kwa nini hukuandika?" na Prefe akanitazama kwa lile jicho lake la prefe, mkuu wa shule, anayepita darasani.

Ndipo nikampigia simu Hadja Zainabu, jirani yako. Nilifikiri nitamuuliza jambo moja tu. Akaniambia, "Mwalimu alikuwa anakataka majani kule Mulekera, nyuma ya mashamba, ile inakwaruza mukono. Anaanika chini ya barza yangu, sababu kwangu iko na kivuli na upepo. Kila asubuhi, mwanangu. Hata siku goti ilikuwa inamuuma." Halafu akauliza, "Na wewe, unakulaka nini? Baba yako alikuwa anasema, ule Kahindo wangu tangu mutoto maharagi ya mangaribi inamusumbuaka tumbo, na hatasemaka."

Papa, ni kweli. Maharage ya jioni yananisumbua. Sikumwambia mtu yeyote, hata Mama. Ndiyo sababu siku za maharage sahani yangu ilikuwa na viazi peke yake? Nilifikiri ni adhabu. Miaka yote hiyo nilifikiri ni adhabu.

Nikaanza kulia kwenye simu. Hadja akasema tu, "Basi, usilie kwa simu, unakula unite ya simu bure." Kesho yake alikwenda Mulekera na binti zake, wakakata, wakaanika, na mume wake alipopanda Butembo na lori akaniletea magunia mawili juu ya mizigo ya mchele. Nilifungua gunia la kwanza na harufu ya nyumba yako ikatoka. Prefe alisimama kwa miguu ya nyuma. Alichukua jani moja, akalitafuna pembeni kwa shida, likamwanguka, akaliokota tena. Nilisikia meno yake yanasaga.

Tangu hapo ilikuwa vizuri. Asubuhi napapasa tumbo, naangalia mkojo, naangalia kidevu, halafu ndiyo nakunywa chai. Wateja wangu wamezoea. Mmoja, uliyemfundisha zamani Beni, alikuja kupima gauni akanikuta nimeshika sungura mgongoni kwa mkono mmoja na tepu kwa mwingine, akasema, "Mama, uko sawa na baba yako," na sikujua kama ananisifu.

Halafu jana akakataa tena.

Leo asubuhi nilitwanga majani, nikavuta kwenye seringi. Akabana meno. Nikambana kichwa kwa kiwiko, nikasukuma. Akaweka miguu yake ya mbele juu ya mkono wangu, akausukuma, bila kukwaruza. Papa, hapo ndipo nilipokuona.

Wiki yako ya mwisho pale hospitali. Nilikuwa na bakuli la uji. Nilikuambia kula kidogo, kidogo tu, na ulipofunga mdomo nilikandamiza kijiko juu ya meno yako. Uji ukatiririka kwenye shati. Uliweka mkono juu ya wangu. Ulisema, "Kahindo, imetosha." Nilijifanya sikusikia. Nikajaza kijiko kingine. Sijamwambia mtu, hata Kambale. Nilifikiri kama nitaacha kukulisha, mimi ndiye nitakuwa nimekuua.

Niliweka seringi chini. Nikamrudisha Prefe kwa munganga, na safari hii nilimuuliza wazi: huyu nimwache? Namlazimisha kwa ajili yake, ama kwa ajili yangu? Alimshika tumbo muda mrefu. Kisha akasema, "Tumbo ingali inatembea. Ni jino tena, imeingia kwa shavu. Huyu hajachoka, anaumwa. Kuumwa na kuchoka hapana kitu moja." Nikamuuliza nitajuaje siku atakayochoka. Akanionyesha masikio, macho, jinsi anavyokaa. "Utamuangalia yeye," akasema, "hapana kuangalia woga yako."

Alilikata lile jino. Sasa tunangoja. Tangu nianze barua hii nimeinama mara ishirini kutazama ndani ya karton. Amelaza kidevu juu ya majani ya Mulekera kama mtu aliyelala juu ya kitabu. Hajala. Ila nilipoinua kitambaa kukibadilisha sasa hivi, nimekuta choo. Punje nne, ndogo, kavu. Papa, sikuwahi kufikiri nitamshukuru Mungu kwa kitu cha namna hiyo, lakini nimemshukuru, na cherehani nimeizima ili nisikie kama atatafuna.

Jumamosi nitashuka Beni. Hadja atanionyesha mahali ulipokuwa unakata majani, na nitapita kaburini kukuletea maua, na kukaa kidogo bila kusema mengi. Nimeanza daftari pia. Nimeandika kila kitu anachokula na kile kinachomdhuru, ili anayekuja nyuma yangu asikae sakafuni kama mimi.

Lala salama, Papa. Usinihesabie kile kijiko. Na hili nakuahidi mbele ya Mungu: maadamu anaumwa, nitamtwangia majani, nitamlisha tone kwa tone, sitachoka mbele yake. Lakini siku atakapoweka miguu yake juu ya mkono wangu kwa namna ile nyingine, ya aliyechoka, nitamsikia mara ile ile ya kwanza.

Mtoto wako,
Kahindo