Kitambaa Chenyewe

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, mwanangu. Huku Michenzani tu wazima, na paka wako kazaa tena kabatini.

Umeniuliza ufanyeje, maana ile programu ya kuandikia inakufutia maneno ukihifadhi, na hao wanaoitengeneza kwa kujitolea wanakujibu kwamba kwao ni nzima. Usiwanunie. Zama za usichana wangu, cherehani yangu ilikuwa ikiruka mishono. Kila nikimpelekea fundi, anaijaribu kwa kipande cha marekani, kile kitambaa kizito cha pamba, inashona vizuri. "Bibiye, nzima hii!" Narudi nyumbani nimefura. Mwisho nikamchukulia buibui lenyewe nililokuwa nikilishona, nikakaa nikashona mbele yake. Ikaruka. "Kumbe kitambaa chako chepesi, sindano nene!" akasema, akaibadilisha.

Basi nawe wapelekee waraka wenyewe, uwaeleze ulivyofanya tangu mwanzo.

Mimi nami nna kasoro yangu. Kila alasiri nikipika chai namimina vikombe viwili, ndipo nakumbuka kwamba uko mbali. Hii huwezi kuja kuiona, mwanangu. Siku utakayokuja, haitakuwa kasoro tena.

Bibi yako,
Zuhura