Misimu Mitatu ya Theluji

Al Baraha, Dubai
Ijumaa, 5 Desemba 2014

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na maumivu ya mgongo yamepungua tangu uhamie huko yadi ya Jebel Ali. Sisi hapa wazima, ila tumechoka. Mama ameongezewa vyumba vya kusafisha hotelini. Akirudi anakaa tu kitandani, hata chai hataki. Barua anakuletea Siraje, mlinzi wa geti lenu, kwa sababu haya nikisema kwenye simu nitayameza. Unanijua.

Siraje ametusimulia unavyohangaika na lile gari la kulala la madam, mwajiri wako mpya, mtakalosafiria hadi Uturuki kwenye theluji. Anasema umefunga na kufungua minyororo ya matairi mara kumi juani, umevaa glavu za sufu ili mikono izoee, na vijana wa yadi wanakuita Mzee Barafu, wanakuuliza kama wakuletee na blanketi. Mabomba ya maji umeshayazungushia sponji, kwenye rejeta umetia yale maji yasiyoganda, unangoja matairi ya theluji tu. Nilicheka kwanza.

Baba, unaikumbuka ile fomu ya mwezi wa tisa? Kampuni yako ya zamani ilikuwa imefungwa, viza zetu zimebakiza wiki mbili, na madam aliitaka kabla ya adhuhuri. Wewe ulikuwa umerudi kutoka kutafuta kazi, umelala na shati lako. Ulisema niijaze mimi, maana nilisoma Kiswahili hadi darasa la tano na Kiingereza hapa, kwa hiyo karatasi zote za nyumba hii ni zangu. Swali moja liliuliza umeendesha gari kwenye theluji misimu mingapi. Jibu la kweli nililijua: hata mmoja. Lakini niliandika mitatu. Mmoja niliuona mdogo, mitano niliona wataishtukia.

Ndiyo maana madam anakuita dereva wa milimani. Wewe ukadhani anaisifu barabara ya Mombo kwenda Lushoto uliyoendesha lori, ukafurahi, ukamweleza kona zake na ukungu wake kwa mikono na Kiingereza chako cha kuokoteza, naye akaitikia kwa kichwa. Alhamisi ya wiki iliyopita, nilipokuletea chakula, alikuwa akiwajaribishia wanawe wawili mikanda ya viti vya nyuma. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba mumewe anaziogopa zile njia za juu za Uturuki, ila yeye haogopi, kwa kuwa wewe una misimu mitatu. Uliponiuliza anasemaje, nikakujibu anasema yalla, fanya haraka, chakula kitapoa. Yule mtoto mdogo alikuwa anafunga mkanda, anafungua, anafunga.

Na jana Siraje akaniambia unamsifu madam kwamba ni mtu mwema, amekuajiri akijua hujawahi kukanyaga theluji, na mkifika huko atakuelekeza. Nikakosa pa kuweka uso. Maana yeye anangoja umwelekeze wewe.

Kwa hiyo leo, kabla ya kushika kalamu, nimemtumia madam ujumbe. Nimemwambia aliyejaza ni mimi, wewe hukujua, na theluji umeiona kwenye televisheni tu. Ameusoma. Hajajibu. Huenda akatafuta dereva mwingine, tukafungasha tukarudi, na shule yangu ikaishia hapo. Nimelifikiria hilo siku nane mfululizo, Baba, nimechoka kulifikiria. Mama bado hajui. Nitamwambia jioni, kwa mdomo wangu.

Pokea salamu za Mama, na za Mama Afrah wa chumba cha pili, aliyekutilia maandazi kwenye mfuko huu. Dawa ya mgongo nayo imo, usiache kuipaka.

Ukinikasirikia una haki, na sitajitetea. Ila naomba ukasirike ukiwa hapa nyumbani, mbele yangu, mzima.

Ni mimi mwanao, kwa heshima na aibu,
Shifaa