Mishono Iliyopotelea Njiani

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla dada yangu hajafunga darasa lake. Dada hufundisha kutarizi kwa picha kwenye tovuti ninayoitunza mimi, na wanafunzi wake wengi wako mbali, simu zao ni za bei ndogo, wakawa wanalalamika kwamba kurasa zinafunguka kwa kujikongoja, basi nikakodi huduma ya seva zilizotapakaa kila upande, ambazo huweka nakala za tovuti na kumhudumia kila mtu kutoka ile iliyo karibu naye, nikaziagiza zibane kila kitu kiwe chepesi kabla ya kukituma, na kweli kurasa zikafunguka kufumba na kufumbua, nami nikavimba kichwa. Sasa wanafunzi wanaleta vitambaa vyenye maua kama yaliyokanyagwa na mbuzi, na dada ananiambia, "Wewe mdogo wangu, picha zangu umezikoroga!" Nikafungua zile alizonipa, zilizomo kwenye kompyuta yangu, nikaona kila uzi uko mahali pake, nikamjibu, "Dada, vaa miwani." Tangu hapo hasemi nami, na amewaambia wanafunzi watafute mwalimu mwenye macho. Ajabu ni kwamba maelezo yake yanafika bila kupungua hata nukta, nayo yamebanwa vilevile. Kwa nini?

Mtunza Tovuti

Mtunza Tovuti, swali lako ni zuri kuliko ulimi wako. Mdogo hamjibu hivyo dada yake.

Maandishi yakibanwa hukunjwa kama shuka. Yakifika, simu huyakunjua, nayo huwa kamili. Picha zako hazikukunjwa, zilinyolewa. Hunyolewa kwanza vile vitu vidogo ambavyo jicho la mpita njia halivitafuti, na kilichonyolewa hakirudi. Kwa mwalimu wa kutarizi, vitu hivyo vidogo ndivyo somo lenyewe. Hukuliona hilo kwa sababu ulionja chunguni, kwenye kompyuta yako, ilhali wageni wanakula kilichofika mezani.

Huduma usiifute, maana wenye simu dhaifu wataachwa nje. Acha maandishi yaendelee kubanwa. Picha za mishono zipunguzwe kidogo tu, na kila moja ifunguke pale tu mwanafunzi anapoigusa, ili ukurasa usilemewe. Kisha ziagize seva zitupe nakala za zamani, la sivyo zitaendelea kugawa zilezile zilizonyolewa.

Ukimaliza, azima simu ya mwanafunzi, mpe dada mkononi, nawe unyamaze. Akisema uzi hauonekani, rudi kazini, na miwani usiitaje. Akisema, "Huu hapa," ndipo umwombe radhi, kisha uwaandikie wanafunzi wewe mwenyewe kwamba mwalimu wao macho anayo.