Waya Ulioingia Dirishani Kwangu

Mama Bupe, na wewe Bupe mwanangu,

Haya yote ni kweli tupu, naapa kwa kaburi la mama, ingawa najua hapa Kitwe kiapo changu hakinunui hata kitumbua.

Msijaribu kuwasha gari. Betri nimeifungua, naisukuma kwa toroli hadi kwa fundi Chomba aichaji. Inveta, kile kidude cha kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani, iko chini ya kitanda changu, bado ya moto, msiiguse.

~~Mkwe wetu Kasuba alisahau kuzima taa za gari.~~ Kasuba hakusahau kitu. Tangu umeme ukatwe jana mchana, kompyuta yangu ilikuwa ikinyonya betri ya gari lake, injini imezimwa, nami nacheza drafti. Siku zote niliwaambia kompyuta hii inakunywa umeme kidogo kuliko balbu. Mama Bupe, inakunywa kama kaka yako Mwila.

Leo asubuhi Kasuba alipolisukuma gari akiwa na shati lake jeupe, huku saa ya usaili wa kazi aliyoisubiri mwaka mzima ikimpita, mimi ndiye niliyemwita gunia la mihogo mbele ya majirani. Bupe nawe ukaongeza, "Mume gani huyu." Nilicheka hadi meno ya bandia yakalegea.

Kisha akafungua boneti, akaufuata waya kwa macho. "Baba," akasema taratibu, "huu mbona unaingia dirishani kwako?" Akaondoka kwa miguu, bila chai.

Mchinjeni jogoo wangu. Firigisi apewe Kasuba, na kuanzia leo ni yake. Nikiitolea macho, isogezeni sahani mbali nami.

Baba