Sura ya Mama Kwenye Pakiti ya Uji

Jumatatu, 2 Juni

Asubuhi kama zote. Nimemfungua Mama bandeji, nimesafisha kidonda kwa dawa ya muuguzi, nimefunga upya. Kidole cha pili cha mguu wa kulia bado cheusi pembeni. Nikamkorogea uji wake, nikaenda kwenye cherehani. Sketi za shule, za bluu, mpaka mgongo umekufa ganzi.

Uji ni ule wa pakiti. Uji wa Bibi, ndizi mbichi na mdalasini wa Matombo. Mbele kuna picha ya Mama mwenyewe, kabeba mkungu, anacheka. Bwana Msabaha, mwenye kiwanda cha Kihonda anayenunua ndizi za wanawake wa kijijini kwetu, alimpiga picha hiyo shambani mwaka juzi. Mjomba Alois aliafiki kwa niaba ya ukoo, ikaisha hivyo. Chini ya picha wameandika: HAUNA SUKARI. UNAFAA KWA WENYE KISUKARI. Wakati ule hatukujua kwamba Mama anacho.

Tangu nimlete hapa Bigwa kwa matibabu anakunywa bakuli asubuhi, bakuli jioni. Ukimuuliza kama hajauchoka, anasema atauchokaje wakati ndizi ni zake na sura ni yake.

Kipimo cha sukari leo kiko juu tena. Nimemnunia mchana kutwa.

Jumatano, 4 Juni

Kliniki. Daktari hakuzunguka. Sukari isiposhuka kidole kitakatwa, na kikishakatwa kimoja mguu wote unakaa foleni. Alisema hayo akiniangalia mimi, si Mama. Kana kwamba namlisha keki.

Tumerudi nyumbani. Mama alipolala nikapekua mkoba wake. Nilikuwa na hakika kuna soda humo, au biskuti. Nimekuta rozari, leso na mafuta ya mgando. Nilipogeuka alikuwa amekaa kitandani ananitazama. Heri angenitukana.

Alhamisi, 5 Juni

Sisimizi.

Nilisahau kuosha sufuria ya uji asubuhi. Mchana nimeikuta nyeusi tii, wamejipanga kutoka ukutani mpaka ndani. Jirani yangu amepita akanitania kwamba siku hizi napikia wageni wengi. Nikacheka naye. Alipoondoka nikaacha kucheka.

Kwetu Matombo ndizi mbichi zilianikwa kwenye jamvi siku nzima. Adui alikuwa kuku na mvua. Sisimizi hawakuwa na habari nazo kabisa.

Kabatini kuna unga wa Mama mwenyewe, aliomenya, akaanika, akatwanga kwa mkono wake kabla hajateremka. Anautunza kwa ajili ya wageni. Wa kwake ni wa wageni, wa dukani ndio wa mgonjwa, ndivyo tulivyo. Nimeweka kijiko cha unga huo kwenye kigae uani, na kando yake kijiko cha ule wa pakiti. Nikarudi kushona. Nilipotoka tena wa pakiti ulikuwa unatembea. Wa Mama ulikuwa palepale, hakuna aliyeugusa.

Nimeulamba wa pakiti mkavu. Mtamu. Siku zote Mama akisema ni mtamu, husema ni mdalasini. Mimi sikuwahi kuuonja, chakula cha mgonjwa.

Washenzi.

Jumapili, 8 Juni

Siku hizi mbili tatu nampikia unga wake mwenyewe. Sukari imeshuka. Si sana, lakini imeshuka. Mama anasema ni misa aliyoombewa.

Nikamweleza habari za sisimizi. Amekataa katakata. Pakiti ameiweka mapajani, anaifuta vumbi kwa kitenge.

"Sasa mimi nimdanganye nani kwa sura yangu mwenyewe?" amesema.

Hasira yangu ikakosa pa kwenda, ikarudi kwangu.

Jumatatu, 9 Juni

Kihonda. Nimeingia kiwandani kwa mlango wa nyuma, mbele kulikuwa na lori. Vijana wanashusha magunia ya sukari na magunia ya unga wa mahindi. Makopa ya ndizi za kwetu yamesukumwa kona moja, machache, kama kiungo. Kumbe ndizi ndiyo chumvi ya mchuzi huu.

Bwana Msabaha amenikaribisha ofisini na soda. Nimemwambia yote. Hata hakubabaika.

"Dada, ile siyo sukari. Ni kiboresha ladha," amesema.

Nimemwonyesha dirishani gunia limeandikwa SUKARI. Amesema kila kitu duniani kina sukari, hata maziwa ya mama. Halafu akabadilisha sauti, akauliza Bibi anaumwa tangu lini, anatumia dawa gani, anaendeleaje sasa. Nimejibu kila swali kwa hasira, nikidhani kila jibu ni jiwe namtupia. Nikasema mpaka kwamba juzi sukari imeshuka kidogo. Akasema pole sana. Akanipa boksi zima la uji nimpelekee mgonjwa.

Nimelitupa kwenye mtaro nje ya geti lake.

Kutoka pale nimepeleka pakiti mbili kwa wakaguzi wa vyakula. Wamezipokea, wamesema zitapimwa, nisubiri. Haya, nitasubiri. Kidonda ndicho hakijui kusubiri.

Jumatano, 11 Juni

Mjomba Alois ameteremka kutoka Matombo. Bwana Msabaha amempigia simu, bila shaka. Nimempa shikamoo yake huku nimeuma meno.

Yeye ndiye mkubwa wa ukoo wa Mama, na kwetu Waluguru mjomba akishasema, wengine mnasikiliza. Amesema. Kiwanda kikifungwa ndizi za wanawake wote zitaozea shambani. Barabara ile nani mwingine ataipanda kuzifuata? Ameniuliza kama nitawashonea watoto wao sare bure. Iliniuma kwa sababu ni kweli. Nikamwambia na kidole cha Mama ni kweli. Amesema sina adabu.

Mama hakufungua mdomo. Mbele ya kaka yake huwa hafungui.

Nimemkaribisha uji wa unga wa Mama, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Amekunywa, akasema ni mzuri lakini hauna utamu wa ule wa kiwandani.

Ndiyo, Mjomba. Hauna.

Jumamosi, 14 Juni

Jana wamekata kidole. Daktari anasema uozo ulishaingia ndani, sukari imeshuka ikiwa imechelewa. Cha jirani yake wanakiangalia.

Mama aliuliza kitazikwa wapi.

Leo sikushona.

Jumanne, 24 Juni

Nimekwenda dukani kwa Mangi kununua sabuni. Rafuni kuna Uji wa Bibi mpya. Picha ileile, mkungu uleule. Kando ya shavu la Mama wamebandika karatasi nyekundu: BIBI ALIUGUA KISUKARI. SUKARI YAKE IMESHUKA. LEO NI MZIMA.

Maneno yangu. Nilimpa mwenyewe, nimekaa kwenye kiti chake, soda yake mbele yangu. Asingejua kama Mama anaumwa. Nilikwenda kumshtaki nikamwachia tangazo. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ni fundi nguo.

Nimempigia simu. Amesema hakutaja jina la mtu, ni lugha ya biashara tu, nisiichukulie moyoni. Nimemtukana tusi ambalo sitaliandika hapa. Halafu nimelia mbele ya Mangi na wateja wake, na sabuni nikaisahau.

Nimemletea Mama pakiti. Sikutaka, ila nilichoka kumficha. Amevaa miwani, amesoma taratibu, kidole juu ya kila neno. Akarudia tena. Nilingoja alie, au aseme Mungu anaona. Aliuliza kama duka la Mangi lina benchi.

Jumamosi, 28 Juni

Kila asubuhi Mama anakwenda kwa Mangi na fimbo yake. Anakaa kwenye benchi, chini ya rafu ya uji, mguu ameunyoosha, kitenge juu yake. Hamzuii mtu kununua. Watu wanaingia, wanampa shikamoo, wanamtazama, wanatazama pakiti, wanamtazama tena. Wanauliza kama si yeye huyu.

Anajibu kwamba ndiye. Halafu anafunua kitenge.

Mangi amenilalamikia kwamba biashara inakufa. Nimemwambia amtoe mwenyewe kama ataweza. Mtu mzima, mgonjwa, anayemwita "mwanangu" kila akipita. Ameshindwa, amemwekea na mto.

Leo Mjomba amepiga simu yangu, anafoka, habari zimempanda hadi mlimani. Anataka nimrudishe dada yake nyumbani, anaaibisha ukoo. Nilikuwa najiandaa kujibu, Mama akanyoosha mkono nimpe simu.

"Kaka," amesema, "picha mliitoa ukoo. Mguu ni wangu."

Akanirudishia simu kabla Mjomba hajamaliza kunyamaza.

Jumatatu, 30 Juni

Kibaridi. Mawingu yamekaa mlimani tangu asubuhi. Nimemaliza sketi zilizobaki.

Wakaguzi bado hawajanipigia. Ndizi za Matombo sijui zitauzwa wapi. Nimemuuliza Mama. Amesema tu ndizi hazijamkosea mtu.

Jioni nimemfuata dukani. Alikuwa amesinzia, kichwa ukutani, mdomo wazi kidogo. Mangi amenionyesha ishara nisimwamshe. Nimesimama pale na mkoba wangu nikiangalia rafu. Pakiti zote zimegeuzwa, hakuna sura hata moja inayotazama nje. Sijui ni Mangi, sijui ni wateja. Sikuuliza.

Alipoamka tumerudi polepole, amenishika bega. Kidonda ni kikavu leo. Unga wake wa wageni umebaki kidogo chini ya kopo.

Nimemkorogea wote.